Fundi Asiyemtazama Mama

“Fundi, hiyo kiti sogeza huku kidogo,” Mama Elmina alisema.

Fundi Naftaly hakusogeza kiti. Aligeuka, akautazama ua wa michongoma, akauambia ule ua:

“Chelangat, uliza mama anataka iende upande gani.”

Chelangat alikuwa mlangoni na sinia la chai. Mama yake alikuwa hatua tatu tu kutoka kwa fundi.

“Mimi niko hapa,” Mama Elmina alisema. “Masikio ninayo, mdomo ninao. Kwa nini unamwambia yeye?”

“Kulia ama kushoto?” Naftaly aliuliza, bado anaongea na michongoma.

“Kulia.”

“Chelangat, mwambie mama nimesikia.”

Akakisogeza kulia kile kiti, cha kwanza alichotengeneza kiwe mfano. Mama Elmina akakikalia kukijaribu, akaegemea, akanyoosha miguu, akaridhika. Alipoinuka alimwambia fundi akigeuze kidogo kwa sababu ya jua. Naftaly alikitazama kile kiti kama mtu aliyeonyeshwa sufuria ya moto, akakusanya msumeno wake na futi yake, akasema atakuja kesho, akaondoka. Chai ikabaki kwenye sinia.

“Huyu kijana ana nini na mimi?” Mama Elmina alimuuliza binti yake.

“Labda ana haraka, mama.”

“Na baba yako jana alikaa naye hapa saa nzima, wakiongea habari ya mbao mpaka nikasinzia. Haraka ilikuwa wapi?”

Chelangat akasema maziwa yanamwagika jikoni. Hakuna maziwa yaliyokuwa motoni, lakini alikimbia.

Sasa nikueleze mambo yalivyokuwa. Ilikuwa mwaka 1951, karibu na Litein. Mzee Johana, mume wa Mama Elmina, alikuwa mpishi wa meneja wa shamba moja la chai kwa miaka kumi na minne. Kila siku alitoa viti vya meneja nje, akavipanga kwenye nyasi, akaleta chai. Mvua ikija, na huko mvua haikosi, alivirudisha ndani mbio. Hakuwahi kukalia hata kimoja. Alipoacha kazi alijenga nyumba ya mabati, na mbele yake akaacha kiwanja kidogo cha nyasi, futi ishirini kwa kumi na tano, ambacho ng'ombe walikatazwa hata kukitazama. Upande mmoja ua, upande mwingine waridi mbili, na mbele bonde lote la chai ya wazungu mpaka macho yachoke. Kilichokosekana ni viti.

Na vilihitajika upesi, kwa sababu Jumamosi ya wiki iliyofuata wageni walikuwa wanatoka Bomet. Kijana aitwaye Bethwel, karani wa chanjo ya ng'ombe, mwenye baiskeli na kofia, alikuwa anakuja na wazazi wake kumposa Chelangat. Mzee Johana na Mzee Kipkoech, baba yake Bethwel, walikuwa wamekwisha kutumiana salamu. Kilichobaki ni kukaa, kunywa, na kukubaliana.

Jambo moja Mzee Johana hakulijua. Yule fundi Mkikuyu wa sokoni Litein, aliyemwita atengeneze viti vya posa hiyo, ndiye aliyekuwa moyoni mwa Chelangat kwa mwaka mzima. Walijuana alipokuja kutengeneza madawati ya shule ya misheni, ambako Chelangat alifundisha watoto wadogo kusoma. Watu wanasema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hawa wawili walikuwa wameyaficha vizuri sana, mpaka viti vikaingia kati.

Mzee Johana na fundi walipatana kwa kila kitu. Kwa Kiswahili chake cha jikoni Mzee Johana aliuliza:

“Iko mbao gani hapana oza kwa mvua?”

“Mtarakwa, mzee. Hiyo ingine ukiweka nje, mwaka moja imekuwa uyoga.”

“Na mahali ya kukalia?”

“Nitapiga mbao nyembamba, naacha nafasi kidole moja katikati. Maji inapita, inaenda chini. Mvua inatokea wapi hapa?”

“Huko, msitu ya Mau. Saa tisa hivi.”

“Basi mgongo ya kiti iangalie huko. Mtu akikaa, mvua impige mgongo kwanza, apate nafasi ya kumaliza chai.”

Mzee Johana alicheka kwa furaha. Katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kumuuliza mvua inatokea wapi, na yeye ndiye aliyekuwa akiijua kuliko wote.

“Huyu fundi ana akili,” alimwambia mke wake. “Tena ana heshima.”

“Heshima kwako,” Mama Elmina alisema.

Mama Elmina alikuwa mwanamke wa kutaka kujua. Alijua kwa nini kuku wa jirani hutaga nje, alijua nani kanisani anaimba bila kujua maneno. Kuuliza si ujinga, ndivyo alivyokuwa akisema, na aliuliza. Basi huyu fundi alimnyima raha. Alianza kumchunguza.

Siku ya Ijumaa alimkuta njiani, amebeba mbao begani. Njia ilikuwa na nafasi ya kupita watu wanne. Naftaly aliingia kwenye mahindi na mbao zake, akasimama huko amegeuza kisogo mpaka mama akapita.

Jumamosi alimletea ugali na mboga kwa mikono yake mwenyewe. Fundi alisema ameshiba. Mama alipoingia ndani na kuchungulia dirishani, alimwona fundi amechukua sahani, ameenda nyuma ya ua, anakula kama mtu aliyefunga siku tatu.

Jumapili, kanisani, Mama Elmina alisimama makusudi kwenye mlango wakati watu wanatoka. Naftaly alibaki ndani akisoma tangazo la ukutani, lile lile tangazo, mpaka mzee wa kanisa akaanza kufunga madirisha.

“Chelangat,” Mama Elmina alisema jioni hiyo wakimenya viazi, “mimi nina harufu?”

“Hapana, mama.”

“Nimewahi kumtukana huyo fundi?”

“Hapana.”

“Basi labda ameiba kitu hapa. Mwizi haangalii mwenye mali usoni.”

“Mama! Naftaly si mwizi.”

Mama aliinua kichwa kutoka kwenye viazi.

“Naftaly,” alisema. “Juzi alikuwa fundi. Leo ni Naftaly.”

“Si ndilo jina lake, mama?”

“Ndilo. Menya viazi.”

Kesho yake Mzee Johana, ambaye hakujua kuandika, alimwita Chelangat amwandikie fundi barua ya vipimo. Akasema, naye akaandika. Baba alipotoka, binti aliongeza ya kwake chini. Barua yenyewe ilikwenda hivi:

“Fundi Naftaly. Baba anasema miguu ya viti iwe inchi kumi na saba, mgongo ulale kidogo lakini mtu asisinzie. Meza iwe ya kuingia mlangoni bila kuinamishwa. Viti viwe sita. Sasa ni mimi. Mama anakuchunguza. Anauliza mpaka harufu yake. Tafadhali, mtazame hata mara moja. Msalimie kwa chamgei kama unavyowasalimia watu wote. Ukiendelea hivi atajua, na baba akijua kabla sijapata njia ya kumwambia, utafukuzwa na mimi nitapelekwa Bomet.”

Jibu lilirudi limeandikwa kwa penseli nene ya kuchoria mbao:

“Chelangat wangu. Inchi kumi na saba ni sawa. Habari ya mama nimejaribu. Ijumaa nilijiambia leo nitasimama njiani, nimsalimie. Miguu ikakataa, ikaenda kwa mahindi. Kwetu mtu haangalii mama ya bibi yake usoni, hali mbele yake, hakalii wala hashiki mahali amekalia, mpaka mambo ya posa yaishe. Mimi sijakuposa, najua. Lakini nikimwangalia kama mama mwingine tu wa sokoni, ni kama nimesema wewe pia ni msichana mwingine tu. Siwezi. Mwambie baba Jumatano, ama mimi nitamwambia. Wako, N.”

Chelangat alilia aliposoma, kisha akacheka, kisha akaificha barua ndani ya rejista ya shule. Jumatano ilikuwa karibu mno, na baba alikuwa akizunguka kile kiwanja akipima kwa hatua, anaimba.

Jumanne Mama Elmina alichukua kikapu akaenda sokoni Litein. Hakuwa na haja ya kitu. Kando ya karakana ya Naftaly palikuwa na mwanamke anauza maharagwe, shangazi yake fundi, aitwaye Gathoni.

“Chamgei, mama,” Mama Elmina alisalimia.

“Chamgei mising,” Gathoni alijibu, na hapo Kikipsigis chake kikaishia, wakahamia Kiswahili. “Nikupimie ngapi?”

“Leo si maharagwe. Nauliza habari ya huyu fundi. Ni mtu bubu?”

Gathoni alicheka mpaka akaweka kibaba chini.

“Naftaly? Huyo mdomo yake haina Jumapili. Hata wamama wanakuja hapa kununua maharagwe, wanasahau maharagwe, wanabaki kusikiza yeye.”

“Basi ni mimi peke yangu.”

“Wewe anakufanyia nini?”

“Haniangalii. Nikija njiani anaingia kwa shamba ya watu. Nikimpa chakula anakula nyuma ya ua. Akitaka kuniambia kitu anatuma msichana yangu, na mimi nimesimama hapo hapo.”

Gathoni aliacha kucheka.

“Kiti ukikalia,” aliuliza polepole, “yeye anakishika baadaye?”

Mama Elmina alikumbuka kile kiti cha mfano, na futi na msumeno vilivyokusanywa haraka.

“Hakishiki.”

Gathoni alikaa juu ya gunia lake mwenyewe la maharagwe.

“Mama, kwetu kijana akianza kufanya hivyo, sisi tunajua.”

“Hata kwetu,” Mama Elmina alisema.

Wakatazamana. Mama Elmina alikuwa hajawahi kuwa mama mkwe wa mtu. Chelangat ndiye mtoto wake wa kwanza. Heshima hiyo aliijua kutoka upande mwingine, alipokuwa msichana na Johana akiuzunguka mlima mzima asikutane na mama mkwe wake. Kumbe ndivyo inavyokuwa ukifanyiwa wewe. Unadhani una harufu.

“Huyo msichana yako,” Gathoni aliuliza, “ni yule mwalimu?”

“Ni yeye.”

“Ndiyo maana madawati ya ile shule inaharibika kila mwezi.”

Mama Elmina alinunua maharagwe ambayo hakuyahitaji, akarudi nyumbani akitembea polepole. Jumatano ilipita, Alhamisi ikapita. Chelangat alimkaribia baba yake mara tatu, na mara zote tatu alikuta amefurahi mno kuhusu meza. Naftaly alileta viti, akajaribu kuanza maneno, naye Mzee Johana akamkatiza kwa kumshika mkono na kumwonyesha waridi. Ijumaa mchana Mama Elmina alimfuata binti yake kwenye ghala la mahindi, akafunga mlango.

“Umempa huyo fundi neno lako?”

Chelangat alishika ukuta.

“Nimempa, mama.”

“Tangu lini?”

“Mwaka mmoja.”

“Na Bethwel?”

“Bethwel sina ubaya naye. Nimemwona mara mbili. Baba alipeleka salamu Bomet kabla ya kuniuliza, na aliporudi alikuwa na furaha hivi kwamba sikupata pa kuingilia.”

“Mficha uchi hazai. Ungeniambia mimi.”

“Ungefanya nini?”

Mama Elmina aliyatazama mahindi, akawaza. Alimwona mume wake amesimama na sinia nyumba ya watu, miaka kumi na minne. Alimwona binti yake akiondoka kwenda Bomet bila kugeuka. Vyote viwili vilimuuma, na hakujua kipi kinauma zaidi.

“Mama, utamwambia baba?”

“Kesho utaleta chai,” Mama Elmina alisema, “na mdomo utaufunga mpaka uulizwe. Nenda.”

Jumamosi asubuhi Naftaly alikuja kupanga viti. Mzee Johana alivitaka katika mstari mmoja, vyote vikitazama bonde.

“Mzee, zikikaa hivyo watu wataongea na majani ya chai.”

“Bwana meneja alikuwa naweka hivyo.”

“Bwana meneja alikuwa anaongea na nani?”

Mzee Johana alifikiri kwa muda.

“Mbwa,” alisema.

Wakaviweka katika nusu duara, meza katikati, migongo ikielekea Mau. Kiti cha Mama Elmina Naftaly alikiweka mwisho kabisa, kimegeukia mlango wa jikoni, na alimwomba Mzee Johana akiweke kwa mikono yake mwenyewe. Hicho ndicho kile kiti cha mfano. Mzee Johana alimwambia fundi asiende mbali. Mvua ikija, awepo wa kuingiza viti. Naftaly akakaa nje ya ua na zana zake, amechoka moyo, akingoja kusikia mchumba wake akiozwa. Alikuwa ameapa kwamba wakifika kwenye neno la ng'ombe wa mahari atasimama aseme, liwalo na liwe.

Wageni walifika saa saba. Mzee Kipkoech alikuwa mrefu, mpole, mwenye jicho la kuona mbali. Alikuja na mke wake, ndugu yake mmoja, na Bethwel. Walivisifu viti. Mzee Johana aliwaambia habari za mtarakwa mpaka mke wake akamkanyaga mguu. Bethwel alimwendea Mama Elmina, akampa mkono, akamtazama usoni, akasema “Chamgei, mama,” akakaa karibu naye na kuanza kula mandazi. Mzee Kipkoech alikohoa kidogo. Bethwel hakusikia. Alikuwa kijana wa ofisi, na mambo ya kukwepana aliyaona ya zamani.

Hakuna aliyejali kwamba kiti cha Mama Elmina hakikuwa tena pale mwisho. Kilikuwa katikati, mbele ya wote.

Walikunywa mursik, yale maziwa ya kugandishwa kibuyuni, wakanywa chai. Mzee Kipkoech aliweka kikombe chini kama mtu anayetaka kuanza. Hapo hapo Mama Elmina akasema:

“Baba Chelangat, kiti changu kinacheza.”

Kweli kilikuwa kinacheza. Kila alipopumua kiliyumba.

Mzee Johana aliona aibu. Kiti kipya, mbele ya wageni.

“Fundi!” aliita. “Kuja hapa. Kiti ya mama nacheza. Weka kitu chini ya mguu.”

Naftaly aliingia na nyundo mkononi. Alifika ukingo wa nyasi, akasimama. Macho yake yalikuwa kwenye waridi.

“Mzee, naomba mama ainuke, aende kando.”

“Kwa nini ainuke? Piga magoti, angalia mguu ya kiti.”

“Siwezi, mzee.”

“Huwezi nini? Si wewe natengeneza?”

“Ni mimi.”

“Basi kuja.”

Naftaly hakwenda mbele wala hakurudi nyuma. Chelangat, pale mlangoni, alishika sinia kwa mikono miwili. Bethwel aliacha kutafuna. Mzee Kipkoech aliinama mbele, akamtazama fundi kuanzia viatu mpaka uso uliogeuzwa, kisha akamtazama Mama Elmina, ambaye alikuwa ametulia kabisa, kisha Chelangat.

“Johana,” Mzee Kipkoech alisema, “huyu kijana ni nani hapa kwako?”

“Ni fundi tu.”

“Fundi tu hamwogopi mama namna hii. Mimi nilimzungukia mama mkwe wangu miaka minne, nikilala porini mvua ikininyeshea kwa sababu yeye alikuwa ameketi njiani. Miguu hiyo naijua.”

Upande wa Mau mbingu zikanguruma kidogo.

“Chelangat,” Mzee Johana aliita. “Mzee anasema nini?”

Chelangat aliweka sinia chini.

“Anasema kweli, baba. Nimempa Naftaly neno langu mwaka mmoja uliopita. Nilikosa nguvu ya kukuambia. Si kwamba sikuheshimu. Nilikuwa nakuona umefurahi, nikaogopa kuwa mimi ndiye wa kukuvunjia furaha.”

“Na wewe ulijua?” Mzee Johana alimgeukia mke wake.

“Tangu Jumanne.”

“Ukanyamaza?”

“Nilitaka kuona. Kiti hiki hakina kosa, Baba Chelangat. Ni mimi nimekisogeza katikati, nikakiwekea ukuni chini ya mguu mmoja. Nilisema, kama huyu kijana atakuja mbele ya wageni, anishike kiti, aniangalie kama anavyoangalia watu, basi ni mchezo wa vijana, na mtoto aende Bomet. Umeona mwenyewe.”

Mzee Johana alisimama. Siku aliyoingoja miaka yote ilikuwa inageuka kuwa hadithi ya sokoni, na mbele ya watu wa Bomet.

“Toa viti vyako,” alimwambia Naftaly. “Toa vyote. Sitaki hata kimoja kwangu. Toa, uende navyo.”

“Baba—” Chelangat alianza.

“Vyote!”

Naftaly alisema, “Ndiyo, mzee.” Wageni wakainuka. Alichukua kiti cha kwanza akakipeleka langoni. Akarudi, akachukua cha pili. Matone yakaanza. Bethwel alisimama na kofia yake mkononi, akatazama, halafu akainua kiti cha tatu akamfuata.

“Ni kizito,” Bethwel alisema huko langoni.

“Ni mtarakwa.”

“Kwa hiyo mimi nimekuja kunywa chai tu?”

“Ndugu yangu, nisamehe.”

“Kazi yako ni nzuri,” Bethwel alisema akikitua kiti. “Siku moja nitakuagiza. Si leo.” Akamwendea mama yake, akamshika mkono, wakasogea chini ya upenu wa mabati pamoja na wengine.

Cha nne kikaenda. Cha tano kikaenda. Mvua sasa ilikuwa mvua kweli, ile ya Kericho isiyo na utani. Kwenye kiwanja ilibaki meza, na kiti cha sita, na juu yake Mama Elmina, ameketi wima, shuka kichwani, maji yanampita mgongoni.

“Elmina, inuka,” Mzee Johana alisema kutoka upenuni.

“Siinuki.”

“Kuna mvua.”

“Ulisema mtarakwa hauoni mvua.”

“Wewe si mtarakwa!”

“Umemwambia atoe vyote. Basi avitoe. Niko hapa, namngoja.”

Naftaly alikuwa langoni, amelowa mpaka mifupa, viti vitano vimepangwa kando yake. Hakuweza kwenda kwa sababu ameambiwa vyote, na hakuweza kukifuata cha sita. Alisimama tu, uso umegeukia barabara. Chelangat alitoka upenuni bila kumwomba mtu ruhusa, akaenda akasimama katikati ya kiwanja, kati ya mama yake na lango, naye akalowa.

“Huyo kijana atasimama hapo mpaka lini?” mke wa Mzee Kipkoech aliuliza.

“Mpaka mama ainuke,” Mzee Kipkoech alisema. “Na mama hainuki. Mimi nina mke, naona.” Kisha akamgeukia mwenyeji wake, akashusha sauti. “Johana, sisi tulikuja kuomba, hatukuja kunyang'anya. Heshima imekwisha kuwekwa hapa kabla yetu. Nikimchukua huyu msichana leo, nitampeleka nyumbani na macho yake yatabaki langoni. Hatujakosana. Lakini mtoe mkeo kwenye maji.”

“Hana ukoo hapa,” Mzee Johana alisema. Alisema kama anayeomba asaidiwe. “Kwao ni wapi? Nani nitamwita siku wakigombana? Nitamuuliza nani?”

“Muulize yeye. Si yupo?”

Mzee Johana aligeukia lango. Alimtazama yule kijana aliyelowa langoni pamoja na viti vya kuingizwa ndani, ambaye hakuna aliyemwambia aingie. Miaka kumi na minne yeye mwenyewe alilowa hivyo na viti vya meneja. Alitoka kwenye mvua, akavuka nyasi zake, akampita mke wake na binti yake bila neno, akafika langoni.

“Wewe,” alisema. “Uko na watu?”

“Niko nao, mzee. Niko na shangazi hapa Litein. Baba yangu na ndugu zake wako Kiambu. Nikiandika barua leo, watapanda gari, watakuja.”

“Watu wazima?”

“Wazee, mzee. Wa kanisa.”

“Wakija nitawauliza mambo mengi.”

“Waulize, mzee. Hata mimi niulize.”

“Watakuwa wangapi?”

Naftaly alihesabu kimoyomoyo, akaanza upya, akapangusa maji machoni.

“Na wajomba, mzee, itakuwa watu kumi na wawili.”

Mzee Johana alitazama vile viti vitano, akageuka akatazama kile cha sita na mke wake juu yake.

“Basi rudisha hizi ndani,” alisema, “halafu enda tafuta mbao ingine. Sita haitatosha.”